UZI: Kuandika thamani moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa amri ya POKE

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Hapa Kampala, na naamini hata Mbarara na Gulu, wapo vijana wanaojifunza lugha ya BASIC kwa kuendesha kwenye laptopu zao emuleta ya Commodore 64, yaani programu inayoiga kompyuta hiyo ya nyumbani ya zamani. Wakifungua programu za miaka ya 1980 hukuta mistari mingi yenye neno POKE likifuatwa na namba mbili tupu. Huinakili mistari hiyo kama ilivyo, programu hufanya kazi, lakini mtu akiwauliza namba 53280 imetoka wapi hawana jibu. Uzi huu ni kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyewahi kuitumia amri hiyo akabaki na maswali.

Maana ya msingi ni fupi. Commodore 64, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina kichakataji cha 6510 kinachofikia anwani 65536, yaani kuanzia 0 hadi 65535, na kila anwani hubeba baiti moja, ambayo ni namba isiyozidi 255. Amri ya POKE A,N hukiagiza kichakataji kiandike namba N katika anwani A, papo hapo. Pacha wake, PEEK(A), husoma kilichomo. Ukiandika POKE 53280,2 ukingo wa skrini unageuka mwekundu. Ukiandika POKE 53280,256 unapata ujumbe wa ?ILLEGAL QUANTITY ERROR, kwa sababu 256 haienei katika baiti moja. Ukaguzi unaishia hapo: maadamu namba inaenea na anwani ipo, mashine haitakuuliza kama unajua unachokifanya.

Tatizo ninaloliona ni kwamba wengi hukariri orodha za anwani kana kwamba ni majina ya amri za ziada. Mimi ningependa kila anayekutana na POKE ajiulize swali moja: ni nani anayeisoma anwani hii, na anaisoma lini? Kichakataji hakijui rangi nyekundu ni nini. Anwani 53280 inasomwa na chipu ya picha, VIC-II, ambayo huiangalia kila inapochora ukingo, mara 50 kwa sekunde kwenye mashine za mfumo wa televisheni wa PAL. Anwani 43 na 44 zinasomwa na mkalimani wa BASIC, yaani programu ya ndani inayotekeleza amri zako, ili ajue programu yako inaanzia wapi. Anwani 788 na 789 zinasomwa kila saa ya ndani inapokikatiza kichakataji, ili kijue kiende kuhudumia wapi. Na zipo anwani ambazo kwa kawaida hakuna anayezisoma, hasa kuanzia 49152 hadi 53247, na ndiyo maana waandishi wa programu walipenda kuweka huko vipande vya lugha ya mashine na kuviita kwa SYS 49152.

Huenda mtu akauliza kwa nini lugha iliyoundwa kwa ajili ya wanaoanza ilihitaji mlango wa namna hii. BASIC ya kwanza, ile ya John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964, iliendeshwa kwenye mashine moja iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na amri inayomruhusu mwanafunzi mmoja kuandika popote isingefaa kabisa katika mazingira hayo. Commodore 64 ni ya mtu mmoja mbele ya televisheni moja. BASIC yake, toleo la 2 lenye asili ya Microsoft, haina amri hata moja ya kuchora wala ya kutoa sauti, ilhali mashine imebeba chipu mbili zenye uwezo mkubwa kwa kazi hizo. Kwa hiyo POKE haikuwa anasa ya mabingwa. Bila hiyo ungebaki na PRINT.

Karibuni kwa maswali.

Msomaji wa Gulu

Ahsante kwa kufungua mada hii. Nimesoma kwamba kumbukumbu ya skrini inaanzia 1024, nikaandika POKE 1024,65 nikitarajia herufi A kwenye kona ya juu kushoto, kwa kuwa PRINT CHR$(65) hutoa A. Nimepata alama ya shupaza ya karata. Rafiki yangu naye, mwenye mashine halisi ya zamani, anasema kwake hakikutokea chochote. Nani kati yetu ana mashine mbovu?

Mwanzisha uzi

Hakuna mwenye mashine mbovu, ndugu yangu. Unapotumia PRINT, namba 65 inasomwa na programu ya ndani ya mashine, nayo huitafsiri kabla ya kuiweka kwenye skrini. Unapotumia POKE 1024,65 umemruka mtafsiri huyo. Anayeisoma namba yako ni VIC-II moja kwa moja, nayo huichukua kama nafasi katika jedwali lake la maumbo. Katika jedwali hilo A ni namba 1, B ni 2, na 65 ni shupaza. Andika POKE 1024,1 utaiona A.

Kuhusu rafiki yako, kila nafasi ya skrini ina anwani mbili. Umbo linakaa kati ya 1024 na 2023, kwa kuwa skrini ina safu 25 zenye nafasi 40 kila moja, yaani nafasi 1000. Rangi ya umbo hilo inakaa kati ya 55296 na 56295. Toleo mojawapo la awali la ROM ya mashine hii, yaani kumbukumbu ya kudumu yenye programu zake za ndani, skrini inapofutwa, hujaza sehemu ya rangi kwa rangi ileile ya usuli. Umbo la rafiki yako lipo pale, ila limepakwa bluu juu ya bluu. Aongeze POKE 55296,1 na litaonekana kwa rangi nyeupe.

Kwa kulinganisha, kwenye BBC Micro ya kampuni ya Acorn, iliyotoka mwaka 1981, ukiwa katika MODE 7 ukaandika ?&7C00=65 (huko alama ya ? ndiyo POKE), unapata A, kwa sababu chipu ya maandishi ya mashine hiyo inatumia namba zilezile za kawaida. Na kwenye kompyuta ya ZX Spectrum hakuna jedwali la aina hiyo kabisa: skrini inaanzia 16384 na kila baiti ni vitone vinane, kwa hiyo POKE 16384,255 huchora kistari kifupi. Mstari wa vitone ulio chini yake hauko 32 mbele kama mtu angedhani, bali 256 mbele. Amri ni ileile, lakini msomaji amebadilika.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Salaam, mzee. Ningeomba mfano mmoja mzima ambao tunaweza kuuandika wenyewe tukaona matokeo, badala ya POKE mojamoja.

Mwanzisha uzi

Bila shaka. Tuchore bendera yetu ya Uganda. Ina milia sita, nyeusi, njano na nyekundu, kisha nyeusi, njano na nyekundu tena, na kwa bahati njema rangi hizo zote zimo katika rangi 16 za mashine hii: nyeusi ni 0, njano ni 7, nyekundu ni 2. Safu 25 hazigawanyiki kwa sita, lakini 24 zinagawanyika, hivyo kila mlia unapata safu nne, ambazo ni nafasi 160.

10 PRINT CHR$(147)
20 DATA 0,7,2,0,7,2
30 FOR S=0 TO 5: READ C
40 FOR I=0 TO 159
50 P=S*160+I
60 POKE 1024+P,160: POKE 55296+P,C
70 NEXT I: NEXT S
80 GOTO 80

Mstari wa 10 unafuta skrini. Namba 160 katika mstari wa 60 ni umbo la mraba uliojaa, na kufanana kwake na ile 160 ya idadi ya nafasi ni sadfa tu. Mstari wa 80 unaizuia mashine isimalize programu, kwa kuwa ikimaliza itaandika READY. juu ya bendera.

Mtaona kwamba milia inajaa polepole, nafasi baada ya nafasi. Kichakataji kinakimbia kwa takriban mizunguko milioni moja kwa sekunde, lakini kazi kubwa haiko katika kuandika baiti. Katika BASIC hii namba 55296 imehifadhiwa ndani ya programu kama tarakimu tano za maandishi, na kila mzunguko wa kitanzi mkalimani huzisoma upya na kuzigeuza kuwa namba. Ukitangaza mapema A=1024 na B=55296, kisha ukatumia A+P na B+P, bendera itachorwa haraka zaidi bila kubadilisha kitu kingine.

Sasa korongo wa katikati ya bendera. Duara jeupe na ndege havifai kuchorwa kwa miraba mikubwa kiasi hiki, kwa hiyo tutumie spraiti mbili. Spraiti ni picha ya vitone 24 kwa 21 inayoelea juu ya skrini. Kila safu yake ni baiti tatu, jumla baiti 63. Katika kila baiti vitone vinane vina thamani za 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1, nawe unajumlisha vile unavyotaka viwake. Safu ya kwanza ya duara inaweza kuwa 0,255,0, na ya katikati 255,255,255. Chora kwenye karatasi ya miraba kwanza. Mguu mmoja ulioinuliwa na kishungi cha kichwani vinahitaji subira. Namba za korongo ziwekwe kuanzia 832, na za duara kuanzia 896, kwa READ na POKE kama kawaida, na DATA zake zifuate zile sita za milia. Kisha, mahali pa mstari wa 80, andika haya na umalizie na GOTO inayojirudia:

V=53248
POKE 2040,13: POKE 2041,14
POKE V+39,11: POKE V+40,1
POKE V+23,3: POKE V+29,3
POKE V,160: POKE V+1,125
POKE V+2,160: POKE V+3,125
POKE V+21,3

Anwani 2040 na 2041 zinaiambia VIC-II picha ziko wapi, ila hazibebi anwani kamili kwa kuwa haienei. Unatoa namba ambayo ikizidishwa kwa 64 inafika mahali penyewe, na 13 mara 64 ni 832. V+39 na V+40 ni rangi, kijivu iliyokoza kwa ndege na nyeupe kwa duara. V+23 na V+29 zinazikuza mara mbili kwa urefu na kwa upana. Nne zinazofuata ni mahali pa kila moja, na V+21 ndiyo inayoziwasha: 3 ni 1 kujumlisha 2, yaani spraiti 0 na spraiti 1. Korongo nimempa namba 0 kwa makusudi, kwani spraiti yenye namba ndogo hupita mbele ya yenye namba kubwa.

Je, 832 ni ya nani? Ni sehemu ya akiba inayotumiwa na kinasa cha kaseti, kuanzia 828 hadi 1019. Mradi hupakii wala huhifadhi kwa kaseti programu inapoendelea, hakuna atakayegusa picha zako.

Fundi wa Jinja

Mada nzuri, ndugu. Mimi hutengeneza vifaa vya umeme, na swali langu ni la kifundi: POKE isiyofaa inaweza kuharibu mashine, au ni hofu za watu tu?

Mwanzisha uzi

Kwa Commodore 64, hofu hiyo ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Ukivuruga anwani inayotegemewa, mashine itaganda, lakini kila ulichoandika kimo katika RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa, na ukizima na kuwasha unaanza upya. Sisi tunaokatikiwa na umeme mara kwa mara tunalijua jambo hilo kwa upande wake mchungu: ukikatika, kila POKE imekwenda. Na ujue kwamba SAVE huhifadhi programu ya BASIC tu. Baiti ulizoziweka 49152 kwa mkono hazimo ndani yake.

Hata hivyo, upo mfano mmoja maarufu wa kweli. Kwenye Commodore PET za mwanzo, POKE 59458,62 ilifanya maandishi yatoke kwa kasi zaidi, kwa kuwa iliondoa hali ya mashine kungoja wakati salama wa kuandika kwenye skrini. PET za baadaye zilikuja na saketi nyingine ya picha, na POKE ileile ilivuruga picha na ikiachwa ingeweza kudhuru saketi. Anwani haikubadilika, kilichounganishwa nayo ndicho kilichobadilika.

Kwa fundi kama wewe, nadhani POKE 788,52 itakufurahisha zaidi. Kwa kawaida 788 ina 49, na pamoja na 789 zinaelekeza kwenye anwani 59953, ambako huduma ya ukatizaji inaanza. Maagizo ya kwanza pale, yenye urefu wa baiti tatu, huita kazi ya kusogeza saa na kuangalia kitufe cha RUN/STOP. Ukiweka 52 umesogeza mwanzo kwa baiti tatu na kuiruka kazi hiyo. Matokeo yake kitufe hakisimamishi programu tena, na saa ya TI$ nayo inasimama. Waliokuwa wakiinakili kutoka kwenye orodha walishangaa kwa nini saa imekufa.

Mwalimu wa Mbale

Naheshimu maelezo yako, lakini kama mwalimu nina pingamizi. Programu iliyojaa namba kama hizi haisomeki, na mwanafunzi anayeanza nayo hujenga mazoea mabaya. Commodore wenyewe walilitambua hilo, kwa maana Commodore 128 ya mwaka 1985 ilikuja na BASIC 7.0 yenye amri za COLOR, SPRITE na SOUND. Kwa nini tusiwafundishe kwa amri hizo?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, kuhusu usomekaji nakubaliana nawe kabisa, na programu ninayoipokea ikiwa na namba tupu kila mstari huwa nairudisha kwa mwenyewe. Tiba yake ni kuzipa anwani majina. Ila kuna mtego: BASIC hii inazingatia herufi mbili za mwanzo tu za jina, hivyo USULI na USO ni kitu kimoja kwake. Zaidi ya hayo, jina lisiwe na neno la amri ndani yake. UKINGO inakataliwa kwa sababu ya GO, na KORONGO imebeba OR, ON na GO kwa pamoja. Ndiyo maana wengi hubaki na V.

Kuhusu kuanza na COLOR na SPRITE, hapo hatukubaliani. Anayejifunza SPRITE anajifunza amri ya kompyuta moja. Anayejua kwamba kuna chipu inayoisoma V+21 na kwamba kila biti, yaani kila moja ya nafasi nane za baiti, ni spraiti moja, amejifunza jinsi kifaa kinavyoamrishwa. Chukua SID, chipu ya sauti inayoanzia 54272. Unaandika POKE 54296,15 kufungua sauti hadi mwisho, kisha mwanafunzi mdadisi anaandika PRINT PEEK(54296) akitarajia 15, asiipate. Rejista hiyo, yaani anwani iliyo ndani ya chipu yenyewe, ni kama sanduku la maoni la ofisini: unatumbukiza karatasi, huitoi. Ukitaka kujua ulichoandika, kiweke kwenye kigeu chako mwenyewe kabla ya kukituma. Amri ya SOUND haitamfikisha kwenye ugunduzi huo kamwe.

Msomaji wa Gulu

Na ROM je? Nimeandika POKE 41848,84, halafu PEEK(41848) ikanipa 82 ileile ya mwanzo. Nachukulia kwamba ROM haiandikiki na POKE yangu ilipotea.

Mwanzisha uzi

ROM haiandikiki, lakini POKE yako haikupotea. Mashine ina RAM katika anwani zote 65536, na ROM zimelazwa juu ya baadhi yake. Unaposoma 41848 unapewa ROM ya BASIC. Unapoandika, baiti yako inatua kwenye RAM iliyo chini. Ile 84 yako ipo mpaka sasa, imefunikwa tu. Anwani 1 ndiyo inayoamua kipi kionekane: kwa kawaida ina 55, na ukiweka 54 ROM ya BASIC inaondolewa, RAM inabaki wazi. Ukifanya hivyo ghafla mkalimani anatoweka katikati ya kazi na mashine inaganda. Kwa hiyo nakili ROM yote kwanza:

10 FOR I=40960 TO 49151
20 POKE I,PEEK(I)
30 NEXT
40 FOR I=0 TO 5
50 READ N: POKE 41848+I,N
60 NEXT
70 POKE 1,54
80 DATA 84,65,89,65,82,73

Mstari wa 20 ukiutazama haraka unaonekana hauna maana, kwani unasoma anwani na kuandika kilekile palepale. Kumbe unasoma ROM na kuandika RAM. Una baiti 8192 za kunakili, kwa hiyo vuta subira. Anwani ulizozigusa, 41848 hadi 41853, zimebeba herufi sita za READY. pamoja na nukta yake, na DATA inaweka herufi nyingine sita. Kuanzia hapo mashine ikimaliza kazi inakuandikia TAYARI. Ukibonyeza RUN/STOP pamoja na RESTORE inarudi ROM na READY. yake, andika POKE 1,54 tena, na TAYARI inarejea.

Mwanafunzi wa Wandegeya

Mzee, nimeshaiona TAYARI kwenye laptopu yangu, nimefurahi sana. Swali la mwisho: haya yote yana matumizi leo, au tunajifunza historia?

Mwanzisha uzi

Kwenye laptopu yenyewe, nje ya emuleta, hutaweza. Mfumo endeshi huipa kila programu eneo lake, na inayogusa anwani isiyo yake husimamishwa papo hapo. Lakini nenda kwenye bodi ya Arduino Uno, ambayo wanafunzi wengi wa uhandisi wanayo. Chipu yake, ATmega328P, ina rejista ya DDRB katika anwani 36 na PORTB katika anwani 37, na taa iliyo kwenye bodi imeunganishwa na biti yenye thamani ya 32. Katika lugha ya C unaandika:

*(volatile uint8_t *)36 |= 32;
*(volatile uint8_t *)37 |= 32;

Mstari wa kwanza unaigeuza pini kuwa ya kutoa, wa pili unaiwasha taa. Ni PEEK na POKE kwa pamoja, kwa kuwa alama ya |= husoma kilichomo, huongeza biti moja na kurudisha, bila kuvuruga pini nyingine saba. Usiliache neno volatile. Kikusanyaji cha C, yaani programu inayogeuza mistari yako kuwa lugha ya mashine, kikiona unaandika mahali ambapo programu yako haisomi tena, kinaruhusiwa kuifuta kazi hiyo kwa kudhani ni ya bure. Neno hilo linakiambia kwamba maandishi yako yana msomaji mwingine nje ya programu, ambaye hapa ni pini yenye taa. Jaribu, kisha utuletee hapa mistari ya kuizima na kuiwasha kwa zamu.